Nani Aliwapa Jina Hili

Watu husema fundi wa majeneza hakosi wateja. Wanaosema hivyo hawajawahi kulipa mshahara wa mafundi wa majeneza. Watu wanakufa, ndiyo, lakini wafiwa hawana muda wa kutafuta fundi mzuri. Wanaingia kwenye mlango wa kwanza wanaoukuta. Na mlango wa kwanza kutoka hospitali ulikuwa wa jirani, naye muuza majeneza, mwenye duka lenye kuta za vioo, viti laini na kiyoyozi. Karakana ya Mama Randa ilikuwa mlango wa pili, nyuma ya rundo la mbao.

Jina la Mama Randa lilikuwa na sababu mbili. Marehemu mumewe alimwachia karakana na randa kumi na moja, nyingine za tangu ujana wao. Sababu ya pili ilikuwa ulimi wake. Ukipita juu yako, nundu zote zinaondoka, na wewe mwenyewe unabaki mwembamba kidogo.

Mwaka huo chama cha kuzikana, chenye wanachama elfu nane, kilitangaza kwamba kinatafuta karakana moja ya kudumu. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu mwenye suruali iliyonyooka kama rula, alikuja akapita taratibu katikati ya maranda, akagonga kifuniko kimoja kwa kidole, akasikiliza.

"Kazi ni nzuri," alisema. "Lakini watakaopiga kura ni wanachama, na wanachama wako kwenye simu. Wanataka kuona nani anawatengenezea, na anatengeneza vipi. Jirani yako wanamwona kila siku. Nyinyi hamwonekani."

"Mbao zinaonekana, mwalimu."

"Kwa anayepita hapa. Na anayepita hapa ni nani?"

Alipoondoka, binti yake Mama Randa, ambaye ndiye aliyekuwa akishika ofisi, alifunga mlango akaegemea. Alikuwa na diploma ya masoko na subira ya mtu aliyesubiri mwaka mzima mama yake aulize swali moja.

"Sasa tufanye nini?" Mama Randa akauliza.

"Tufungue ukurasa. Lakini si wa kutangaza bei tu, huo kila mtu anao. Tuongoze kwa uwazi, mama. Siku hizi bosi hakai nyuma ya pazia. Kila fundi awe na neno la siri la ukurasa, aposti kazi yake mwenyewe, aweke jina lake. Mteja akiuliza, ajibiwe hapo hapo mbele ya watu. Tukikosea, tuseme tumekosea. Mficha uchi hazai."

"Na asiyeuficha je? Haya. Waite."

Mafundi kumi na wanne walikusanyika kwenye meza ya kuunganishia. Binti alieleza. Hariri, mwanamke aliyekuwa akishona vitambaa vya ndani kwa miaka kumi na tisa, akainua mkono.

"Nikiposti jeneza, mtu atabonyeza laiki? Atakuwa amependa nini? Kufa?"

"Wateja wetu wenyewe hawana simu," akadakia mpiga vanishi, na watu wakacheka, hata Mama Randa.

Lakini walikubali, na Mama Randa, ambaye hakuwahi kufanya jambo nusu nusu, akaongeza masharti yake. Kazi iliyokwisha iwe ukurasani ndani ya saa moja, kabla haijatoka mlangoni. Swali la mtu lisipitishe dakika kumi. Aliye karibu na simu ajibu, awe fundi, awe yeye mwenyewe. Na kila Jumatatu asubuhi wakae mezani, kila mtu aseme lililomkera, hata likiwa linamhusu bosi.

Aliyebaki nyuma ni Mwandishi. Huyu alikuwa mzee wa miaka sitini na moja, rafiki wa marehemu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuandika jina na tarehe kwenye kibao cha kifuniko, kwa brashi na rangi ya dhahabu, bila kuchora mstari wa kujiongoza. Alimkuta Mama Randa mlangoni, simu sikioni, akigombana na muuza vishikio.

"Shemeji, na majina je? Niyafunike kwanza?"

"Jina ndiyo kazi yako, shemeji. Ukilifunika utaonyesha nini, ubao?"

"Sawa, shemeji," alisema Mwandishi, akarudi kwenye kiti chake.

Huwezi kuamini kilichofuata. Watu ambao wasingekanyaga karakana ya majeneza hata kwa kusukumwa walisimamisha kazi zao kuangalia mkono wa yule mzee. Mkono ulikuwa na makunyanzi na kidole gumba kilichopinda, lakini ukishika brashi haukutikisika. Wafuasi mia mbili wakawa elfu, elfu ikawa elfu sita. Hariri alisema Jumatatu moja kwamba gundi inamuumiza kichwa na bosi anajua na ananyamaza. Mama Randa akanunua feni, akaandika ukurasani kwamba ameambiwa ukweli na mfanyakazi wake na amechelewa kuusikia. Watu wakaipenda hiyo kuliko majeneza yote. Mwenyekiti akatuma ujumbe wa maneno mawili: "Mko mbele." Chama kikawahimiza wanachama wote wafuatilie ukurasa kabla ya kura.

Mama Randa alijifunza kujibu kwa kidole kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, alikuwa akisema, lakini kinajibu wateja. Alianza kupenda ile kasi. Swali linaingia, jibu linatoka, watu wanashuhudia. Ilikuwa kama kupiga randa: ukiona kinundu, unakifuata.

Jumatano moja asubuhi waliingia ndugu wawili, macho mekundu, na fomu. Kijana wa miaka ishirini na sita, pikipiki, jana yake. Walitaka kazi iwe tayari mchana. Karakana ikashika kasi yake ya kimya kimya, na saa saba na nusu Mwandishi akamaliza kibao. Akakipiga picha rangi ikiwa bado inang'aa, akaandika: "Kazi ya leo. Pumzika, kijana. Mwandishi."

Mama Randa alikuwa ofisini na Hariri wakipima kitambaa. Simu ikalia kidogo. Chini ya picha mtu ameandika: "Nani aliwapa jina hili na tarehe hii?"

"Jirani huyo," alisema Mama Randa. Wiki mbili kabla, akaunti zisizo na picha zilikuwa zikiuliza maswali ya mtego, je, mbao zenu zimekauka, je, vishikio vyenu si vya plastiki, na kila mtu mtaani alijua zinatoka wapi. "Leo anataka kusema tunabuni wafu."

"Mwache," alisema Hariri, pini mdomoni.

"Simwachi. Dakika kumi ni dakika kumi."

Akavuta fomu ya ndugu, akahakikisha herufi kwa herufi, akaandika kwa kidole chake: "Tumepewa na familia leo asubuhi kwa maandishi. Jina na tarehe tumevihakiki mara mbili. Karibu sana." Akaangalia saa. Dakika nne tangu swali liingie. Akaiweka simu mezani kama mtu aliyeweka karata ya ushindi, akarudi kwenye kitambaa.

Jibu halikuja. Kikaja kitu kingine, kutoka kwa mtu mwingine: "Mungu wangu. Huyo aliyeuliza ni mama yake, mwanachama kama sisi." Halafu mwingine: "Alikuwa hajaambiwa." Halafu yakafuatana mengi, yakipanda juu ya kioo cha simu kwa kasi ambayo jicho haliwezi kusoma.

Mmoja wa wale ndugu alipiga simu. Hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu.

"Dada yetu alikuwa mji mwingine anamuuguza bibi," alisema. "Tulimwambia mwanao anaumwa, njoo. Tulitaka afike kwanza, akae, tumshike mikono. Yuko stendi sasa hivi. Watu walio naye wanasema amekaa sakafuni na wasafiri wanamruka."

"Baba, sisi hatukujua."

"Najua hamkujua," alisema, akakata.

Picha ilifutwa, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikuwa wamekwisha kuichukua, swali la mama na jibu la karakana, yakazunguka mji pamoja. Picha ilikuwa na jina la Mwandishi. Jibu lilikuwa na jina la karakana tu. Na watu wakaunganisha moja na moja: yule mzee. Yule mzee wa brashi ndiye aliyemjibu mama wa watu "karibu sana". Hadi saa kumi walikuwa wamemtafutia majina ambayo hayaandikwi kwenye kibao.

Mwenyekiti alipiga kabla ya kufunga. "Kamati inakaa Ijumaa, dada. Watauliza ni nani, na mmemfanya nini. Uwe na jibu."

Mama Randa aliketi ofisini na binti yake. Nje mashine zilikuwa zimenyamaza, lakini hakuna aliyekuwa akiondoka.

"Nitaandika kwamba ni mimi," alisema.

Binti alikuwa akikwaruza gundi iliyokauka juu ya meza. "Ukisema mhusika ni mfanyakazi, chama kitasema tumesafisha nyumba. Ukisema ni bosi, tutasafisha nini?"

"Wewe ndiye uliyeniambia bosi hakai nyuma ya pazia."

"Nilisoma darasani, mama. Darasani hapakuwa na watu kumi na wanne wenye watoto."

Mlango ulisukumwa. Mwandishi aliingia na kofia mkononi, akabaki amesimama ingawa kiti kilikuwepo.

"Shemeji, jina langu liko pale tayari," alisema. "Wacha likae. Nina miaka sitini na moja, nilikuwa nimebakiza kidogo tu. Hawa wengine wanaanza maisha."

"Hukujibu wewe."

"Picha niliweka mimi."

"Uliniuliza kuhusu majina. Nikakwambia usiyafunike."

"Mimi na wewe ndio tuliosikia hayo," alisema Mwandishi, na hakulisema kwa hila. Alilisema kama anamwonyesha mtu mahali pa kukanyaga.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi ya Mama Randa, na aliijua. Neno moja tu lilihitajika, hapana. Alikuwa amewaambia watu hapana maisha yake yote: wauza mbao, wakwe, hata padri. Lakini alimwangalia yule mzee, akawaza mishahara, akawaza wanachama elfu nane, akasema, "Nipe mpaka kesho, shemeji." Mwandishi akaitika kwa kichwa, kwa sababu wote wawili walijua kwamba hilo lilikuwa ndiyo.

Alhamisi saa tatu asubuhi taarifa ilikuwa tayari. Binti ndiye aliyeiandika. Mama Randa aliisoma mara mbili na kuibonyeza mwenyewe. Ilisema karakana inaomba radhi kwa moyo mzito, na kwamba mhusika si mfanyakazi wao tena. Kufikia saa sita ilikuwa imependwa na watu elfu tatu. "Huu ndio uongozi," mmoja aliandika. "Wengine wangeficha." Hariri alisoma hayo kwenye simu yake mwenyewe, kando ya dirisha. Alikuwepo ofisini na pini mdomoni siku ile. Alichukua mkasi akaendelea kukata.

Mchana huo Mwenyekiti alikuja na gari lake. "Kabla ya kamati, twende kwa mama wa marehemu. Akikusamehe yeye, mimi sina la kuongeza."

Viti vilikuwa vimepangwa nje, wanaume wamekaa na mikono magotini. Ndani, mama wa marehemu alikuwa ameketi chini kwenye godoro, mgongo ukutani, kitenge kimeshuka begani na hakuna aliyethubutu kukipandisha. Hakuwa akilia. Alikuwa na simu pajani, kioo juu. Mama Randa alivua viatu, akaketi naye chini. Mwenyekiti akabaki karibu na mlango.

"Pole, mama," alisema Mama Randa. "Pole sana."

"Wewe ni wa karakana."

"Ndiyo."

"Mlisema mmemfukuza." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza maji. "Sikutaka mumfukuze. Nilitaka aje. Nina jambo la kumuuliza. Huyo aliyenijibu yuko wapi?"

Mama Randa alisikia kiatu cha Mwenyekiti kikisogea kwenye sakafu. Jibu lilikuwa tayari, limeandikwa, limependwa na watu elfu tatu. Hayupo, mama. Ni maneno mawili tu. Aliyafikisha hadi kwenye meno.

"Ni mimi," alisema. "Nilijibu mimi. Mzee hakuhusika na jibu. Hata majina, mimi ndiye niliyemwambia ayaonyeshe."

Mwanamke alimwangalia kwa muda mrefu, usoni, halafu kwenye mikono, kana kwamba anatafuta kidole.

"Niliwapigia ndugu zangu mara kumi na moja," alisema. "Kaka hakupokea. Mdogo wangu alipokea, akaniambia anaumwa tu, njoo, akakata. Shangazi alisema mtandao mbaya. Wote walikuwa hapa, na wote walikuwa wanajua. Wewe ulinijibu kwa dakika nne." Akafunika simu kwa kiganja. "Nilitaka kukuuliza, ulipoandika 'karibu sana', ulikuwa unamkaribisha nani?"

"Nilidhani ni mtu anatuchokoza."

"Ulidhani ni mtu anawachokoza."

"Ndiyo, mama."

"Basi." Aligeuza uso ukutani. "Sijui nikushukuru au nikulaani, na leo sina nguvu ya lolote. Nenda nyumbani."

Barabarani Mwenyekiti hakufungua mlango wa gari. Alisimama na funguo mkononi, suruali yake imeingia vumbi magotini; kumbe naye alikuwa amepiga magoti mahali fulani na Mama Randa hakumwona.

"Ungeniambia jana," alisema, "ningelibeba hilo. Kosa ni kosa. Ningesimama mbele ya kamati niseme, huyu mama alikosea, na huyu mama amesema. Lakini leo saa tatu asubuhi umewaandikia uongo wanachama wangu elfu nane. Nikawaambie nini? Kwamba ni wakweli kuanzia saa tisa?"

"Hapana, mwalimu."

"Samahani, dada."

Jioni hiyo hiyo Mama Randa aliandika ukweli, wote, kwa kidole chake, bila kumpa binti asahihishe. Aliandika nani aliyejibu, nani aliyeuliza kuhusu majina, na nani aliyejitolea kubeba lawama. Akaweka jina lake kamili. Watu wachache walisoma. Mmoja akaandika: "Sasa mnamlinda mzee wenu. Tumewazoea." Mwingine akaandika kwamba bosi anatafuta sifa. Ile taarifa ya asubuhi iliendelea kutembea. Alipoifuta, wengine walikuwa nayo tayari, kama walivyokuwa na ile picha.

Ijumaa chama kilimchagua jirani. Jumatatu waliketi mezani kumi na watatu, na Mama Randa akasema nani wataendelea na nani watasubiri nyumbani mpaka aite. Aliwasomea majina mwenyewe. Alipouliza kama kuna mwenye neno, Hariri alisema, "Mimi nilikuona ukijibu, na Alhamisi nikanyamaza. Nimelala nalo siku nne."

Mchana Mama Randa alikwenda kwa Mwandishi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, geti la bati, na namba ya nyumba imeandikwa kwa mkono ambao mtaa mzima ungeutambua. Mzee alikuwa ameketi kizingitini akisuuza brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, brashi ambayo ilikuwa safi.

"Karibu, shemeji. Mke wangu amelala, tuongee polepole."

Mama Randa alimpa simu asome ule ukweli aliouandika. Mwandishi alisoma kwa kuisogeza mbali na macho, midomo ikicheza.

"Umeandika vizuri," alisema. "Wangapi wameisoma?"

"Kama mia mbili."

"Na ile ya kwanza?"

Mama Randa alinyoosha mkono kuichukua. Mwandishi akamrudishia simu.

"Juzi nilikwenda shuleni pale, wanataka kibao kipya cha geti," alisema. "Mwalimu mkuu akaniangalia, akaniangalia, akasema watanipigia. Namba yangu hakuichukua."

"Nitakwenda kuongea naye."

"Umwambie nini, shemeji? Atakuonyesha simu." Aliikung'uta brashi. "Kazi ipo?"

"Ipo ya siku mbili kwa wiki. Chama kimekwenda kwa jirani. Nimewapumzisha sita."

"Siku mbili. Zipi?"

"Jumanne na Ijumaa."

Mzee alihesabu kitu kichwani, taratibu, kama anavyopima nafasi ya herufi kabla hajaweka rangi.

"Ijumaa mke wangu ana kliniki," alisema. "Nitakuja Jumanne. Lakini picha apige mwingine."